Mtoto yuko gredi ya 12 Marekani lakini hamalizi: wazazi tuhesabu krediti mapema

MamaPacha_Ohio

Wakuu, habari za wakati huu. Mimi ni msomaji wa kimyakimya humu kwa miaka mingi. Leo naandika kwa sababu jana nimeongea kwa simu na mama mmoja aliyekuja Marekani na binti wa miaka 16, na kila alichoniambia ndicho nilichokuwa nakiamini mimi miaka minne iliyopita. Sitaki ayapitie tuliyoyapitia.

Kwetu Tanzania mtoto anapanda darasa, anafika kidato cha nne, anafanya mtihani wa Baraza, amemaliza. Kinachobaki ni kusubiri matokeo ujue kapata daraja gani. Nilikuja na kichwa hicho. Mwanangu alipopangiwa gredi ya 10 nikahesabu vidole: kumi, kumi na moja, kumi na mbili, mahafali. Kumbe huku kufika gredi ya 12 hakummalizi mtu. Kinachommaliza ni krediti, na tena ziwe kwenye masomo yanayotakiwa.

Krediti ni hivi. Mtoto akisoma somo moja kila siku kwa mwaka mzima wa shule na akafaulu, anaandikiwa krediti moja. Akisoma muhula mmoja, nusu. Kipimo hiki ni cha zamani, kilitokana na taasisi ya Carnegie mwaka 1906, na kinakadiriwa kuwa saa 120 darasani. Hapa Ohio jimbo linataka 20: Kiingereza 4, hesabu 4, sayansi 3, maarifa ya jamii 3, afya nusu, michezo nusu, na 5 za masomo ya kuchagua. Hiyo ni sakafu tu, wilaya ya shule inaweza kuongeza yake juu.

Sasa mwanangu. Alikuja na miaka 16, amemaliza kidato cha pili. Shuleni walitazama cheti cha kuzaliwa, wakampa gredi kwa umri, wakampeleka darasa la ESL, yaani la Kiingereza kwa wageni, vipindi viwili kwa siku. Ripoti zake za kidato cha kwanza na cha pili nilikuwa nazo ndani ya bahasha ya kaki, kwenye begi, siku ile ile ya kuandikisha. Hakuna aliyeniuliza, na mimi sikujua kama zina kazi.

Miaka miwili na nusu nikawa napokea ripoti nzuri. A, B, B, A. Januari ya gredi ya 12 shule ikatuma barua ya vipimo vya joho. Tukalipia. Wiki ile ile jirani yangu Mkenya akaniuliza, "Umeona transkripti yake?" Transkripti ni karatasi ya masomo yote tangu gredi ya 9 na krediti za kila somo. Nikaiomba. Nilikaa nayo kwenye gari nje ya shule, naisoma mstari kwa mstari kwa kidole.

Krediti zilikuwa nyingi. Tatizo zilikuwa zimelala pasipotakiwa. Ile miaka miwili ya ESL yote ilikuwa imeandikwa chini ya masomo ya kuchagua. Masomo ya kuchagua anatakiwa 5, yeye alikuwa na 8. Kiingereza anatakiwa 4, alikuwa na moja na ya pili ndiyo anaisoma. Na afya, ile nusu krediti ya afya, hakuwahi kupangiwa kabisa. Mtoto wa A na B, asingemaliza.

Nilirudi ndani na ile bahasha ya kaki. Walichukua wiki sita kuzitathmini ripoti za Tanzania, wakampa krediti moja ya Kiingereza kwa masomo ya kidato cha pili. Ikabaki Kiingereza moja na nusu ya afya. Afya akaisoma kwa kompyuta usiku, Kiingereza akakimalizia shule ya kiangazi. Amepata diploma yake Agosti, ikaja kwa posta. Mahafali yalikuwa Mei. Siku ile tulikaa nyumbani na joho liko mlangoni kwenye hanga, bado liko na nailoni yake, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuliondoa.

Kwa hiyo ombi langu kwenu wenye watoto gredi ya 9, 10, 11: kesho asubuhi ombeni transkripti. Si ripoti ya muhula. Transkripti. Na ombeni karatasi ya masharti ya kuhitimu ya wilaya yenu, mziweke pamoja mezani mlinganishe.

Na wenye uzoefu wa majimbo mengine naomba mchangie, maana najua sheria hazifanani.

Mwl_Texas

Dada, pole sana na asante kwa kuandika. Mimi nafundisha sekondari hapa Texas, mwaka wa tisa sasa, na kisa chako nimekiona kwa watoto wengi, wa Kiswahili na wasio wa Kiswahili.

Niongeze jambo la msingi kwanza. Marekani haina masharti ya taifa ya kuhitimu. Elimu ni ya majimbo. Ndiyo maana ukimpigia ndugu yako wa jimbo jingine akakwambia "huku ni hivi", anasema kweli lakini ni kweli ya kwake. Texas tuna krediti 22 za msingi, na ukitaka kuhitimu na mkondo maalumu wanafika 26. Halafu kuna mitihani mitano ya jimbo ambayo mtoto lazima aifaulu: Aljebra ya kwanza, Kiingereza cha kwanza, Kiingereza cha pili, Biolojia na Historia ya Marekani. Mtoto akikwama kwenye mtihani mmoja au miwili, ipo kamati ya shule inayoweza kumtazama kwa kazi zake nyingine ikaamua ahitimu. Wazazi wengi hawajui kamati hiyo ipo, wanadhani kufeli mtihani ndio mwisho.

Kuhusu ESL: hapa Texas mwanafunzi mgeni ambaye Kiingereza chake bado anaweza kusoma kozi mbili za Kiingereza cha wageni zikahesabiwa badala ya Kiingereza cha kwanza na cha pili. Zinakwenda kwenye Kiingereza, si kwenye masomo ya kuchagua. Lakini lazima kozi yenyewe iwe moja ya hizo mbili. Kuna madarasa mengine ya kusaidia lugha ambayo ni ya kuchagua tu. Kwa jina yanafanana, kwenye transkripti ni tofauti kabisa. Swali la kumuuliza kaunsela, yaani mshauri wa shule anayepanga masomo ya mtoto, ni moja: "Darasa hili la lugha linaingia kwenye krediti za Kiingereza au za kuchagua?" Muulize kabla muhula haujaanza.

Na kuhusu kupangwa kwa umri, nisiseme uongo, walimu tuna sababu. Kijana wa miaka 17 ukimkalisha na wa miaka 14 anaona aibu, anaacha shule. Ila shule ikishampandisha kwa umri inatakiwa imwambie mzazi waziwazi kwamba gredi ni ya kukaa tu, hesabu yake ya krediti ni nyingine. Hapo ndipo tunapowaangusha wazazi, na nasema tunapowaangusha kwa sababu nami nimo.

Baba_Minneapolis

Asante mleta uzi. Mimi nina mtazamo tofauti kidogo, msinielewe vibaya.

Mdogo wangu alikuja kutoka kambi ya wakimbizi ana miaka 19 na miezi kadhaa. Minnesota jimbo linataka krediti 21.5. Alikuwa hana hata moja ya kuonyesha, karatasi zote zilibaki njiani. Kaunsela alisema atampokea, lakini hata akisoma bila kukosa, mpaka kiangazi, angefika miaka 21 bila kumaliza. Tukamweka kwenye darasa la watu wazima, akasoma GED, yaani mitihani ya kupata cheti kinacholingana na diploma ya sekondari. Ni mitihani minne: hesabu, lugha, sayansi na maarifa ya jamii, kila mmoja unatakiwa upate 145. Ilimchukua miaka miwili huku anafanya kazi ya usiku. Hesabu alirudia mara tatu. Leo yuko chuo cha jamii anasomea ufundi wa mitambo ya kupoza hewa. GED inakubalika chuoni, inakubalika kwenye msaada wa serikali wa ada kama hadhi yako ya ukaazi inaruhusu.

Kwa hiyo tusiwatishe vijana wakubwa kwamba bila diploma ya shule maisha yameisha.

MamaPacha_Ohio

Kaka, hapo kwa mdogo wako sina ubishi, mlifanya sawa. Ninachoogopa ni pale shule yenyewe inapomwambia mtoto wa miaka 17, "nenda tu kafanye GED", wakati bado ana haki ya kukaa darasani. Hapa Ohio anaruhusiwa mpaka miaka 21, na majimbo mengi ni hivyo. Akiwa shuleni ana mwalimu wa lugha, ana basi, ana chakula cha mchana. Akitoka anakuwa peke yake na kitabu baada ya shifti. Jirani yangu mtoto wake alitolewa hivyo. Mitihani ya GED ipo kwa Kiingereza na Kihispania, Kiswahili hakuna, kwa hiyo yule ambaye shida yake ilikuwa Kiingereza anakutana na shida ile ile bila msaada.

Baba_Minneapolis

Hapo umenena, dada. Miaka 17 abaki shule.

Msukuma_Boston

Niseme moja la Massachusetts kwa sababu humu watu wanasambaza ya zamani. Huku kulikuwa na mtihani wa gredi ya 10 wa jimbo, bila kuufaulu hupati diploma hata ukiwa na A tupu. Novemba 2024 wananchi walipiga kura kuuondoa kama sharti la kuhitimu, na kura ikapita. Mtihani wenyewe bado wanafunzi wanaufanya, ila diploma haitegemei tena. Binamu yangu alimwacha mwanawe akate tamaa kwa habari ya miaka mitano nyuma.

California nao mtihani wao wa kuhitimu waliusimamisha mwaka 2015. New York wana mitihani ya jimbo iitwayo Regents, alama 65 kila mmoja, na wamepanga kuachana nayo kama sharti, lakini msimwambie mtoto aliye shuleni sasa kwamba imeshaondoka. Masharti yanafuata mwaka ambao mtoto aliingia gredi ya 9. Watoto wawili wa nyumba moja, shule moja, wanaweza kuwa na masharti mawili. Uliza kwa kutaja mwaka.

BintiWangu16

Shikamooni wakubwa, wenzangu hamjambo. Mimi ndiye yule mama wa kwenye simu, dada MamaPacha ameniambia nijiunge. Tuko jimbo la Washington, tuna miezi miwili tu. Binti yangu alikuwa kidato cha tatu. Nina matokeo ya mtihani wa kidato cha pili na ripoti za shule. Nimeambiwa jimbo hili wanataka krediti 24, na mbili kati ya hizo ni za lugha ya kigeni. Wamempangia Kihispania. Mtoto analia, anasema mama Kiingereza chenyewe kinanishinda, hiki cha tatu cha nini? Naomba kuuliza, Kiswahili chake hakina hesabu yoyote huku?

Mzee_wa_Tacoma

Marahaba mwanangu, na karibu sana. Umeuliza swali zuri kuliko yote humu.

Kina hesabu. Hapa Washington kuna utaratibu wa krediti za lugha kwa kupimwa. Mtoto anafanya mtihani wa lugha anayoijua, na kufuatana na kiwango chake anaweza kupewa mpaka krediti 4. Kiswahili mtihani wake upo. Wanapima kusoma, kuandika, kusikiliza na kuongea. Wajukuu zangu wawili wameufanya. Mkubwa alipata zote nne. Wa pili alizaliwa hapa, anaongea Kiswahili kama chiriku, lakini kuandika hajawahi kuandika hata barua. Alikaa mbele ya kompyuta akaandika "nime enda" maneno mawili, "ali ni ambia" matatu. Alipata mbili. Tukakaa naye mezani kila Jumapili miezi mitatu, anamwandikia bibi yake ukurasa mmoja, bibi anamjibu. Aliporudia alipanda.

Binti yako amesoma kwa Kiswahili shule ya msingi yote, huyo hatakuwa na tabu. Nenda kwa kaunsela useme unataka apimwe lugha yake ya kwanza kwa ajili ya krediti, na kile kipindi cha Kihispania wakipe somo jingine analolihitaji. Na wakati uko hapo muulizie muhuri wa lugha mbili kwenye diploma. Ulianzia California, sheria yao ni ya 2011, sasa umeenea nchi nzima. Kwa huo muhuri atahitaji pia kuonyesha Kiingereza chake kimefikia kiwango, kwa hiyo si wa leo, ni wa mbele.

MamaPacha_Ohio

Mzee wangu, shikamoo. Hili la Kiswahili mimi sikulijua kabisa mwanangu akiwa shule. Hapa Ohio pia muhuri huo unahesabika: kuhitimu kwetu, juu ya krediti 20, kuna alama 684 kwenye mitihani ya jimbo ya Aljebra ya kwanza na Kiingereza cha pili, au njia mbadala, halafu mihuri miwili ya kuonyesha uko tayari kwa maisha, na wa lugha mbili ni mmojawapo. Sisi tulihangaika na ile mihuri mpaka Aprili, na kumbe lugha ilikuwa mdomoni mwake.

Dada_Baltimore

Maryland msisahau saa 75 za kujitolea. Bila hizo hakuna diploma, hata kama kila kitu kingine kimekamilika. Sehemu kubwa zinafanyika ndani ya masomo tangu sekondari ya chini, kwa hiyo mtoto aliyekuja gredi ya 10 au 11 muulizie shule saa zake zinahesabiwaje. Kama anasaidia msikitini au kanisani, muulize mratibu wa shule kabla ya kuanza, si kila kazi inakubaliwa, na fomu isainiwe wakati ule ule.

Mama_Yusra

Nimesoma uzi wote na nimeona kuna watoto hawajatajwa.

Mwanangu ana ulemavu wa kujifunza. Ana IEP, yaani mpango maalumu wa masomo ulioandikwa kwa ajili yake. Tulikuwa tunaitwa kikao kila mwaka, watu saba mezani na mimi, wananiwekea karatasi, nasaini. Watu wapole sana. Mwaka wa gredi ya 10 nilisaini karatasi iliyombadilishia njia, aende kwenye cheti cha kumaliza badala ya diploma. Mimi nikasikia "cheti", nikafurahi. Kwetu cheti ndiyo kila kitu.

Cheti hicho si diploma. Chuo hakikihesabu, kazi nyingi hazikihesabu. Niliambiwa na mwalimu mmoja pembeni, kwa sauti ya chini, mwaka mmoja baadaye. Nikaomba kikao kingine, nikaomba mkalimani, tukairudisha. Sasa anasoma polepole kuelekea diploma, na sheria inamruhusu kubaki mpaka miaka 21.

Wazazi, shule ya umma inatakiwa ikupe mkalimani bure kwenye mambo kama haya. Usimtumie mtoto mwenyewe kutafsiri. Na usisaini siku ile ile. Sema unaenda nayo nyumbani.

Mwl_Texas

Mama Yusra, asante sana. Hilo la kutosaini siku ile ile ningependa kila mzazi alisikie. Unaruhusiwa.

Na jingine la haki: rekodi za mtoto ni haki yako kuziona, sheria ya nchi ya mwaka 1974 inasema hivyo, na shule isizidishe siku 45 tangu uombe. Ila mtoto akifika miaka 18 haki hiyo inahamia kwake. Vijana wetu wengi wanafika 18 wakiwa bado gredi ya 11. Mwambie asaini ruhusa ya wewe kuendelea kuziona.

Kijana_Columbus

Naomba nami niseme, mimi ndiye mtoto. Siyo wa MamaPacha, wa mama mwingine, niko gredi ya 12 sasa hivi.

Mwaka jana nilijua nina upungufu wa krediti na sikumwambia mama. Siyo kwamba nilikuwa nacheza. Mama anafanya kazi mbili, anarudi saa tano usiku, swali lake la kwanza mlangoni ni "shule vipi", na mimi nasema "nzuri". Ningemwambia ningemuumiza. Nilidhani nitalipa mwenyewe kimyakimya kwa masomo ya kompyuta, kumbe yale masomo ya kurudia yana foleni na lazima kaunsela akuandikishe. Nilipoteza muhula mzima nikisubiri.

Wazazi msiulize "shule vipi". Ulizeni "krediti zimefika ngapi". Ukiulizwa namba huwezi kujibu "nzuri".

MamaPacha_Ohio

Mwanangu, nimesoma ujumbe wako mara mbili nikanyamaza. Mwambie mama leo, hata kama atarudi saa tano. Umebakiza ngapi?

Kijana_Columbus

Moja na nusu. Nimeshaandikishwa. Nitamwambia leo.

BintiWangu16

Wakubwa, nimerudi na mrejesho. Jumanne nilikwenda shuleni, nikaomba mkalimani, wakaniunganisha na dada mmoja kwa simu, Kiswahili safi kabisa. Nilipeleka ripoti zote, na zile za Kiswahili nikatafsiriwa. Wamesema tathmini itachukua wiki nne. Mtihani wa lugha umewekwa mwezi ujao, Kihispania wamekitoa, kipindi hicho wamempa jiometria.

Kuna kitu kimoja nimekiona kwenye karatasi waliyonipa. Baiolojia aliyosoma Tanzania wameiandika kwenye masomo ya kuchagua, siyo kwenye sayansi. Nimwache kaunsela au nirudi?

Mwl_Texas

Rudi. Kama bado wako kwenye tathmini ndio wakati wake. Pata muhtasari wa somo la baiolojia wa kidato alichosoma, na kama ripoti inaonyesha alifanya mazoezi ya maabara uwaonyeshe mstari huo, mara nyingi ndicho wanachokitafuta kwenye sayansi. Omba jibu kwa barua pepe ubaki na maandishi.

MamaPacha_Ohio

Rudi mdogo wangu, tena mapema. Na nusu krediti ya afya umeiona kwenye ratiba?

BintiWangu16

Nimeiona dada. Muhula wa pili, kipindi cha tatu. Nimeichora mstari kwa kalamu nyekundu.